Suruali ya mvua kwa mtu wa pwani: kutoka Mokowe hadi Siyu

Jumamosi, Mombasa

Kitandani zipo suruali tatu za mvua, na zote zinakwenda Lamu. Ni mwezi wa saba. Upepo wa kusi umeshika, na mwenye kuijua pwani hahitaji kuambiwa zaidi: alfajiri manyunyu, mchana jua, alasiri upepo unaokimwagia chombo maji ya chumvi mpaka mtu asijue kama mvua imeanza tena. Mimi huvua kwa mshipi na kutembea kwa miguu visiwani kila nikipata nafasi, na vijana wanaoanza huniuliza swali moja: suruali gani nyepesi isiyopitisha maji inamfaa mtu wa huku? Ushauri mwingi umeandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwao uko sawa. Huku jasho nalo ni maji, na chumvi haiachi kitu.

Ya kwanza ni ya plastiki nzito, PVC, yenye kanda za mabega na kifua kilichopanda juu, kama wavaavyo mabaharia wa meli za uvuvi. Kwenye mizani ya jikoni haipungui sana kilo moja. Ya pili ni nailoni nyembamba iliyopakwa poliyurethini, plastiki ya kuzuia maji, kwa ndani, gramu 220, inayokunjika ikaingia kwenye mfuko wake yenyewe na kuwa kama chungwa kubwa. Ya tatu ni ya tabaka tatu: kitambaa nje, utando katikati, kitambaa laini chepesi ndani. Ina gramu 350, na niliipata kwenye mitumba ya soko la Kongowea.

Mitumba ina suruali nzuri kuliko maduka mengi, ila ujue kuzikagua. Igeuze nje ndani. Kila mshono uwe umefunikwa kwa utepe uliobandikwa kwa moto, maana sindano ikipita imetoboa, na kitambaa kizuri kiasi gani hakizibi tundu la sindano. Kisha pitisha kiganja upande wa ndani. Poliyurethini huharibika kwa joto na unyevu hata kama nguo haijavaliwa: huanza kunata, ikatoa harufu kali kidogo, halafu ikabanduka vipande vipande. Ikinata tu, iache hapo hapo. Haina dawa.

Mpwa wangu anakuja nami. Nimempa ile nyembamba.

Jumapili, Mokowe na Amu

Basi limepita Garsen, Witu na Hindi, na alasiri tulikuwa gatini Mokowe. Safari ya basi haina la kusimulia zaidi ya mgongo kuuma.

Kuvuka kwenda Amu, mji wa Lamu wenyewe, ni muda mfupi kwa boti la injini, lakini upepo ulikuwa umesimama na kila wimbi lilitupiga ubavuni. Wanawake walijifunika turubai lililokuwa mbele, wanaume wakageuza migongo. Hapo ndipo mpwa wangu alipotoa suruali yake mfukoni na kuivaa amekaa, viatu miguuni, bila kusimama. Aliweza kwa sababu ina zipu inayoanzia kifundoni na kupanda mpaka karibu na goti. Mwenzetu mmoja mwenye suruali ya mvua isiyo na zipu alihangaika, akavua viatu, kiatu kimoja kikaelea kwenye maji yaliyojaa chini ya boti. Suruali ya mvua huvaliwa mvua ikishaanza, na aghalabu mahali pabaya pa kuvalia. Kama haipiti juu ya kiatu, haitavaliwa kwa wakati.

Usiku tulimwendea nahodha tuliyeagana naye kwa simu. Ni mtu mzima, na sisi sote tunamwita Ami. Alituagizia kahawa tungu, akaishika ile nzito ya PVC, akaigeuza mara mbili, akairudisha.

"Hii ni ya mtu aliye juu ya meli yenye ukingo wa kifuani," alisema. "Kwenye mashua yangu hukai nayo. Ukianguka, nani atakuvua kanda hizo majini?"

Nilimwuliza wao huvaa nini. Kaptura, akasema, na koti la mvua juu. Maji ya miguuni hayana neno kwa mvuvi wa Lamu, kwani anashuka na kupanda majini siku nzima. Kinachowamaliza ni upepo wa kusi kwenye mapaja yaliyorowa, kuanzia alfajiri mpaka jua lipande. "Miguu ikifa ganzi, mikono nayo haifungi fundo."

Jumatatu, mlango wa Shela

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Ami alitweka tanga, tukashuka na mkondo kuelekea mlango wa Shela, kule maji ya ndani yanapokutana na bahari kuu. Hatukutoka nje, kusi hairuhusu. Tulivua kwa ndani, pembeni mwa mkondo.

Mashua za Lamu zina ubao unaotolewa nje upande wa joshi, unakotoka upepo, na mtu hukaa juu yake kukisawazisha chombo. Mimi na mpwa wangu tulipokezana ubao huo. Ni mtihani mkali kuliko maabara yoyote. Upo juu ya mbao iliyolowa, wimbi linakupiga kutoka chini, na uzito wako wote unayakandamiza maji dhidi ya kitambaa.

Inafaa kuielewa namba ya milimita iliyoko kwenye lebo. Kitambaa hutandazwa, maji yakasimamishwa juu yake ndani ya bomba na kuongezwa mpaka matone yaanze kupenya. Kimo cha maji hayo ndiyo namba yenyewe. Watengenezaji wengi huanzia milimita 1,500 kusema kitambaa hakipitishi maji. Kwa mtu aliyesimama mvuani hiyo yatosha. Lakini mvuvi hukaa, na hupiga magoti. Kilo moja ikikandamiza sentimita moja ya mraba ni sawa na maji ya kina cha mita 10, yaani milimita 10,000. Nina kilo 75. Nikikaa, uzito ukaenea kwenye sentimita 500 za mraba, mkandamizo unafika milimita 1,500. Nikipiga magoti kutoa ndoana mdomoni mwa tewa, uzito ule ule umebanwa kwenye sentimita 100 hivi za magoti, na hapo ni milimita 7,500.

Basi suruali ya milimita 3,000 inaweza kutokuangusha njia nzima, ikaja kukuangusha magotini. Ndivyo ilivyokuwa leo. Nailoni ya mpwa wangu ilikuwa kavu mapajani, kavu makalioni, na ina duara mbili za maji magotini, kila moja ukubwa wa kiganja. Ile yangu ya tabaka tatu, ya milimita 20,000 kwa mujibu wa lebo, haikupenya popote. Kwa mvuvi naona milimita 10,000 ndiyo ya kuanzia, na ikiwa na kipande cha pili kilichoongezwa magotini na makalioni, bora zaidi. Kwa mtembeaji asiyekaa chini, 5,000 yamtosha.

Ami alishinda na kaptura yake. Kulipokucha vizuri nilimwona amejifunika turubai miguuni, usukani kwapani, akitetemeka kimya. Ana zaidi ya miaka sitini. Iliniuma kumwona vile, na tangu saa ile nilianza kuziangalia suruali hizi kwa ajili yake.

Tulipata changu wa kutosha kitoweo na tewa mmoja mzuri.

Jumanne, mikokoni Manda

Maji yakijaa, mkono wa bahari unaoingia kisiwa cha Manda unafika karibu na magofu ya Takwa. Yakipwa, ni tope tupu. Tuliingia na maji, tukavua kwenye vivuli vya mikoko, halafu tukashuka.

Mikoko haina huruma na nguo. Mizizi yake imevaa chaza, na ganda la chaza lina makali kama wembe. Nailoni nyembamba ilipasuka kwenye paja, lakini mpasuko ulikoma baada ya sentimita mbili. Ukitazama kitambaa kile kwa karibu utaona vimraba vidogo: kila baada ya nyuzi kadhaa pamesukwa uzi mnene zaidi, na mpasuko ukiufikia unasimama. Nilipakausha kwa kikoi, nikabandika utepe wa viraka nje na ndani, pembe zake nikiwa nimezikata mviringo ili zisibanduke. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Usisafiri na suruali nyembamba bila utepe huo.

Topeni tulizipandisha suruali mpaka juu ya magoti, tukapita na viatu vya plastiki. Hapa lastiki ya kifundoni ina matatizo yake, maana hushika tope na mchanga na kuusaga ndani kwa ndani. Velkro nayo ikijaa tope haishiki tena. Vifungo vya kubana vya plastiki, au kamba ya kuvuta, vinahimili zaidi.

Kutoka ufukoni tulitembea mpaka Takwa, mji ulioachwa na watu wake karne ya 17, msikiti wake mkuu ukiwa bado na mihrabu yake na mibuyu ikiwa imesimama kati ya kuta. Manyunyu yalikuwa mepesi, jua likichungulia, na hewa ni nzito ya unyevu. Hapo suruali yangu ya tabaka tatu, ya bei yake dukani, ilinilowesha kwa jasho langu mwenyewe.

Sababu si ubovu wake. Utando wa aina hii, kama ule wa Gore-Tex uliotokana na ugunduzi wa Robert Gore huko Marekani mwaka 1969, una vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Lakini mvuke haupiti kwa hiari. Husukumwa kutoka penye mvuke mwingi kwenda penye mvuke haba. Mtu akiwa Uskochi kwenye nyuzi 8, hewa ya nje haina mvuke wa maana, na jasho linatoka vizuri. Manda kwenye nyuzi 28 hewa yenyewe imeshiba maji, na msukumo ule unapungua kwa kadiri ya nusu. Kwa hiyo ile namba nyingine ya kwenye lebo, ya gramu za mvuke zinazopita kwa siku, isikutoe pesa nyingi kama unanunua suruali ya kuvalia Lamu. Tafuta zipu ndefu ya ubavuni inayofunguka kutoka juu na kutoka chini pia. Nilipozifungua zangu mpaka karibu na nyonga, upepo ukapita mapajani, nilipona.

Iwe zipu ya plastiki. Ile yenye meno ya chuma, chumvi huila ikakwama.

Jumatano, Amu

Mvua imenyesha tangu usiku wa manane. Hakuna aliyetoka. Tulikula mikate ya mofa na mchuzi wa samaki, kisha tukafanya kazi ya kufua.

Chumvi ikikauka juu ya kitambaa inakuwa punje, na punje zile hukisugua kila unapokunja goti, tena huvuta unyevu. Maji baridi yasiyo na chumvi yanatosha, na ndoo moja inatosha kwa suruali mbili ukianza na ile safi zaidi. Hili nalisisitiza kwa sababu maji matamu ya Amu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na hayo ndiyo ya mji mzima. Usiyamwage kwa nguo ya matembezi.

Sabuni ya unga yenye manukato iache. Inabakisha utando unaovuta maji. Tulitumia sabuni ya mche kidogo, tukasuuza sana, tukaanika kivulini barazani.

Baada ya kukauka nilidondosha maji juu ya kila moja. Kwenye nailoni yalisimama duara, yakateleza. Kwenye ile ya mtumba yalienea na kukitia kitambaa weusi. Watu wengi wakiona hivyo husema suruali imeisha, na kumbe utando uko salama. Kilichoisha ni dawa ya juu inayofukuza maji. Kitambaa cha nje kikishiba maji kinakuwa kizito na baridi, na jasho halipati pa kupitia. Nilipiga pasi ya moto mdogo, kitambaa cha pamba kikiwa katikati, na dawa iliyobaki ikaamka: matone yakasimama tena, si yote, ila mengi. Isipoamka, hununuliwa dawa ya kunyunyizia. Chagua isiyo na kemikali za florini zile zisizooza. California imezipiga marufuku kwenye nguo nyingi tangu Januari 2025, na sisi tunaovua tuna sababu zaidi ya wengine kutozipeleka baharini.

Alhamisi, Pate hadi Siyu

Leo ni ya miguu. Tulipita mlango wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa yakipwa hapapitiki, tukashuka Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate. Kutoka pale ni njia ya mchanga na vichaka mpaka mji wa Pate, kisha mashamba ya minazi kuelekea Siyu, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa mtu asiye na haraka.

Ile ya PVC tuliiacha chomboni, na huo ndio uamuzi wangu juu yake kwa matembezi. Zile nyepesi zilikaa mgongoni muda mrefu kuliko zilivyokaa miguuni, na ndivyo inavyotakiwa. Mvua ilipiga mara mbili, dakika chache kila mara. Tulivaa, tukatembea, jua likatoka, tukavua. Mpwa wangu hakuhisi uzito wowote begani. Mimi nilianza kuzihesabu zile gramu 130 za ziada tulipokuwa tumebakisha kipande kirefu cha jua.

Ndani yake vaa kaptura nyembamba ya poliesta inayofika karibu na goti. Pamba ikilowa hubaki na maji, na nailoni tupu juu ya ngozi yenye jasho hukuchuna mapaja kabla hujafika nusu ya njia.

Siyu ni mji wa mafundi wa ngozi, wa viatu na mikanda, na ngome yake bado inatazama maji. Fundi mmoja alituona tumeanika suruali kwenye ukuta wa baraza lake. Aliitwaa ya mpwa wangu, akaukunjua mshono wa kati, pale miguu miwili inapokutana, akausogeza karibu na jicho.

"Hapa ndipo patakapokufia, mwanangu," alimwambia. "Mishono minne inakutana pahali pamoja. Utepe hauwezi kulala sawa juu ya mafundo."

Na kweli utepe ulikuwa umeanza kuinuka pale, ukucha unaingia. Alituonyesha suruali ya tatu inavyokwepa jambo hilo: imewekwa kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi katikati, mishono ikahamia pembeni, kila mmoja mahali pake. Kipande hicho pia ndicho kinachokuwezesha kutanua miguu kuruka kutoka chomboni bila kupasua. Sijawahi kukiona kimeandikwa kwenye lebo yoyote. Sasa ndicho cha kwanza ninachokitafuta.

Ijumaa, kurudi Amu

Tulirudi na upepo wa mbele, tukarowa kuliko siku zote. Ami alikuwa amevaa ile ya tabaka tatu. Nilimpa asubuhi bila maneno mengi, naye akaikubali. Alishika usukani akiwa nayo mpaka mlango wa Mkanda, hakujifunika turubai. Tulipofika gatini aliivua haraka, akainawisha miguu, akasimama na kikoi chake kikavu na safi, hakina damu ya samaki wala tope. Adhana ya Ijumaa ilikuwa karibu.

"Hii faida hamkuitaja," alisema. "Nguo ya swala imebaki tohara."

Aliniuliza bei. Nikamwambia hiyo ni yake, lakini ni fupi kwake. Alipoinama vifundo vilibaki wazi na kiuno kikashuka. Anataka nyingine kwa mwanawe, na hiyo atalipa mwenyewe. Basi baada ya swala tulikaa barazani na kipande cha mshipi, tukampima kijana. Kiuno tulikipima juu ya kaptura, si juu ya ngozi. Mguu tuliupima akiwa amechuchumaa, kuanzia kiunoni, mshipi ukapita juu ya goti mpaka kifundoni, kwa sababu akiwa amesimama ungetudanganya kwa karibu upana wa kiganja. Mpwa wangu aliandika chini ya vipimo: nailoni yenye vimraba, milimita 10,000, utepe mishono yote, kipande cha katikati, zipu ya plastiki ubavuni, kamba kiunoni isiyo na kanda za mabega, isizidi gramu 300, rangi ya machungwa ili aonekane akianguka majini. Rangi ni sharti la mama yake. Jumatatu nitaanzia Kongowea.